Kanisa la Hatua Ishirini

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, usihofu. Nitakurudisha pale pale, na sitakuchelewesha.

Mimi ni Yeremia Luhende, fundi cherehani wa Mabatini. Mwaka huo wa tisini na nne mitumba ilikuwa imekwisha kuniua: nani atasubiri nimshonee suruali moja wakati za Ulaya zinamwagwa chini kwa malundo? Upepo ukachukua bati za chumba changu. Cherehani ikaenda kwa fundi na miguu minne, ikarudi na mitatu. Na mbuzi wa mahari, yule beberu mweupe niliyewasimulia, akajirusha kutoka kwenye pantoni katikati ya Kigongo na Busisi, akaogelea. Wanaosema mbuzi hajui maji hawakumwona yule. Nasikia alitokea Ukerewe, akaoa kabla yangu.

Lilibaki jambo moja tu: kufunga ndoa na Odeta kabla baba yake hajafa.

Nilikuwa nimeishi na Odeta miaka sita, bila padri, bila mtoto. La padri lilikuwa kosa langu. La mtoto lilimla yeye peke yake. Alikunywa mizizi ya kila mganga kutoka Magu hadi Sengerema, akawa anatapika kila asubuhi kama mjamzito, na ujauzito haupo.

Nilikuwa nikimwambia, "Odeta, huenda kasoro ni yangu."

Sikuwa na hakika. Nilisema ili apate kula. Naye akala. Maneno yale matano yaliishika nyumba yetu kuliko nguzo zake.

Sasa baba yake, Mzee Mayala, alikuwa na mguu uliovimba ukawa na rangi ya bilinganya. Daktari alimwambia binti, hakumwambia mzee, kwamba mvua za vuli ataziona zikianza, lakini hataziona zikiisha.

Mzee alikuwa akiletwa kwetu kwa baiskeli, anaketi, anazungumza, anacheka. Hanywi hata maji.

"Siku mtakayotoka kanisani," aliniambia, "nitakula kwako hata ugali wa juzi. Kabla ya hapo, mkwe, nitakuwa nakula kwa mwizi."

Basi tukaenda kutafuta kanisa.

Kanisa la kwanza lilikuwa lile kubwa, mjini. Karani alifungua daftari, akalamba kidole.

"Ndoa ni za pamoja," alisema. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi nina jozi kumi na moja. Ninyi mtakuwa ya kumi na mbili. Idadi ya mitume."

Odeta alimtazama.

"Kaka yangu, mimi nimepanga foleni ya sukari. Nimepanga foleni ya chumvi. Nimepanga foleni ya mafuta ya taa mpaka nikalala juu ya dumu. Foleni ya kuolewa sipangi."

La pili lilikuwa upande wa Butimba. Zuri, lina vioo vya rangi, lakini refu. Odeta alisimama mlangoni, akapima kwa macho mpaka altareni, akageuka.

"Twende."

"Limekukosea nini?"

"Baba anataka kunitembeza mpaka mbele. Ana hatua ishirini tu. Nimezihesabu kutoka kitandani mpaka uani. Hapa mguu utamwishia katikati, tumbebe kama jeneza. Nitafutie kanisa la hatua ishirini, Yeremia."

Nani ana kanisa la hatua ishirini? Niliuliza watu mpaka wakadhani nimechanganyikiwa.

Aliyejibu ni mzee mwenyewe.

"Nendeni Nyamahuna, ng'ambo ya Busisi. Ni kigango tu, padri huja mara moja kwa mwezi. Lakini lile kanisa nililibebea mawe nikiwa kijana, kichwani, kutoka ufukweni. Nikifia mle ndani haitakuwa hasara."

Tukavuka. Safari hii bila mbuzi.

Wasomaji wangu, mimi si mtu wa kusifia majengo. Lakini lile kanisa lingekuwa mtoto, ungeliomba ulipakate. Kuta nyeupe, madirisha ya bluu, mabenchi sita kila upande. Kengele yake ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mjohoro. Ukisimama altareni ukatazama mlango, unaona ziwa lote limekaa kizingitini kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Odeta alivua viatu. Akatembea kutoka mlangoni, polepole, kwa hatua za mtu mgonjwa, akihesabu kwa sauti.

"Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane."

Aligusa ngazi ya altare, akageuka, machozi yanamtoka.

"Zimebaki mbili za kupumulia," alisema. "Ni hapa."

Katekista wa kigango, Mwalimu Venant, alikuja na daftari kwapani. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, mgeni kidogo pale. Alihamia miaka mitano iliyopita, baada ya katekista wa zamani kufariki.

"Majina."

"Odeta Mayala."

"Bwana?"

"Yeremia Luhende."

Kalamu ikasimama.

"Jina hili huku lipo."

"Mwalimu," nikasema, "Usukumani ukirusha jiwe linampata Luhende."

"Luhende, sawa. Lakini Yeremia?"

Odeta akacheka. "Mwalimu, mimi wangu ni huyu mmoja. Wengine wagawieni wenye shida."

Mwalimu hakucheka. Akaandika.

"Lete cheti cha ubatizo. Kipya, kilichotolewa ndani ya miezi sita. Cha zamani hatupokei."

Nikaitikia kwa kichwa, ingawa hata cha zamani sikuwa nacho. Na sasa niwaambie jambo ambalo kwa miaka kumi na moja sikumwambia mtu, hata Odeta, hata padri kwenye kiti cha maungamo.

Cheti changu nilikiuza.

Mwaka wa themanini na tatu. Wenye umri wanakumbuka. Duka lilikuwa na kaunta, na muuzaji, na mizani, na hakuna kitu. Sabuni ilikuwa hadithi. Watu walifulia majani ya mpapai, na harusini bibi harusi alinukia mpapai.

Mama yangu, Kabula, alikuwa amelala miezi minne, mgongo umeoza kwa vidonda. Mashuka mawili. Nikitoa moja nalisugua kwa majivu, linamkwaruza, analia. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia.

Akaja rafiki yangu Ngosha, utingo wa lori la pamba. Alikuwa na miche miwili ya sabuni, ya kufulia, ya rangi ya njano, ameivika gazeti kama mtoto mchanga.

"Luhende," akaniambia, "nimepata binti ng'ambo. Baba yake ni mtu wa kanisa, hatoi mtu bila ndoa. Mimi sijabatizwa, na mafundisho ni miaka miwili. Nani atanishikia binti miaka miwili? Nipe cheti chako."

"Nikupe ubatizo wangu?"

"Ubatizo utabaki nao kichwani. Nipe karatasi."

Kutoka chumbani mama akaguna. Nikampa karatasi. Ilikuwa na jina langu, jina la baba, jina la mama, na muhuri.

Mche mmoja ulifua mashuka yake kwa wiki tatu. Wa pili ulimwosha maiti. Mama yangu alizikwa akinukia sabuni, na katika mwaka ule hakuna tajiri wa Mwanza aliyezikwa hivyo.

Sikumuuliza Ngosha ng'ambo ipi. Ziwa hili lina ng'ambo nyingi.

Sasa sikuwa na hofu kubwa. Nilidhani cheti ni kama kitambulisho. Kikipotea unaomba kingine. Nikapanda gari mpaka parokia niliyobatizwa, nikamkuta karani, dada mmoja mchangamfu aitwaye Gladness. Nikamwambia nimepoteza.

Akalishusha kabatini lile buku kubwa la wabatizwa. Akatafuta mwaka, akashuka kwa kidole, akafika kwangu. Akatabasamu. Kisha tabasamu likamkauka.

"Kaka Yeremia, wewe unaoa mara ngapi?"

"Hii ndiyo ya kwanza."

"Mbona umeshaoa?"

Akaligeuza buku. Mbele ya jina langu, pembeni, kwa wino mweusi na mwandiko wa mzungu, palikuwa na mstari mmoja: *Amefunga ndoa na Teodora, Nyamahuna, 10 Novemba 1983.*

Nyamahuna.

"Hii nani kaandika?"

"Ndiyo kawaida, kaka. Ukifunga ndoa popote, paroko wa huko anatuletea habari, tunaandika hapa. Ndiyo maana wanataka cheti kipya. Cha kwako nikikuandikia, na mstari huu nauandika."

Mimi nimeshona nguo miaka kumi na tano, na sikujua kwamba Kanisa nalo lina mshono wa namna hiyo. Ukifungwa huku, uzi unavutwa mpaka kule ulikomwagiwa maji.

Nikarudi Mabatini nimeamua: tutafute kanisa jingine. Nimefika, namkuta Odeta anakata kitambaa, na Mzee Mayala ameketi kwenye kigoda, mguu juu ya mto.

"Mkwe," mzee akasema, "nimeota nimeshika lile jiwe la kizingiti. Bado lina alama ya tindo langu. Mwaka wa hamsini na mbili."

"Baba," nikasema, "nilikuwa nafikiri, labda lile kanisa la Butimba..."

Odeta hakuinua kichwa. "Hatua ngapi?"

Nikageukia mlangoni. Duka la jirani walikuwa wanashusha sabuni kwenye gari: za unga, za maji, za mche, za kunukia, makasha mpaka barabarani. Enzi ya ruksa. Ungeweza kujenga nyumba kwa sabuni.

Kesho yake nikaenda kwa Padri Antoni, paroko wa upande ule. Mtu mfupi, mpole, anayekusikiliza mpaka unajuta.

Ningeweza kusema kweli. Nilikuwa nimeipanga njia nzima: Padri, nilikuwa na mama, palikuwa na sabuni. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Padri, cheti changu kiliibiwa. Mtu akaoa kwa jina langu."

"Nani alikiiba?"

"Sijui, Padri."

Akavuta kalenda ya mezani.

"Basi ni rahisi," akasema. "Huyo Teodora yupo, yuko pale Busisi, ana watoto watatu. Jumapili ijayo nasali Nyamahuna. Njoo na mchumba wako. Baada ya misa, Teodora akutazame mbele ya wazee wa kanisa, aseme wewe siye. Akisema siye, nitaanza kuushughulikia ule mstari."

Nilitoka pale karibu nicheze ngoma. Mwanamke gani asiyejua uso wa mumewe?

Odeta nilimwambia ni mahojiano ya ndoa tu, ya kawaida.

Hata hivyo nikaona nimwone Teodora kwanza. Nilimkuta Busisi, karibu na pantoni, anageuza dagaa juu ya nyavu za kuanikia. Mwanamke mwembamba, kanga kiunoni, macho ya mtu aliyezoea jua.

"Karibu kaka. Dagaa wa leo hawa, hawana mchanga."

"Sikuja kwa dagaa, dada. Naitwa Yeremia Luhende."

Mkono ukasimama juu ya wavu. Akanitazama toka viatuni mpaka kofia.

"Kumbe upo," alisema. "Miaka kumi na moja naitwa mama wa akina Luhende, leo ndiyo namwona mwenye jina. Mwenzako alikuwa mrefu kidogo."

"Ngosha yuko wapi?"

"Yuko Geita, chini. Shimo la dhahabu liliwafukia watano. Mwaka wa themanini na saba."

"Pole."

"Pole ya nini? Mimi sikufiwa." Akaanza tena kugeuza dagaa. "Nilikwenda parokia waniandikie ujane. Wakaniuliza, nani amekufa? Nikasema, mume wangu. Wakafungua kitabu. Mume wako ni Yeremia Luhende, na kwenye orodha ya shimoni aliyefukiwa anaitwa Ngosha. Yupo mtu alitaka kunioa, kanisani, kwa heshima. Alisubiri mwaka mzima. Akachoka, akaenda. Mimi si mjane, si mke. Ninauza dagaa."

"Basi, dada yangu, tutasaidiana. Jumapili sema mimi siye. Wewe unafunguliwa, na mimi nafunguliwa."

"Na watoto?"

"Watoto ni wako."

"Wamebatizwa Luhende, wote watatu. Shuleni Luhende. Ukiifuta ile ndoa, baba yao anakuwa nani? Karatasi?"

"Kanisa lina utaratibu," nikasema. Utaratibu wenyewe sikuujua.

Akachambua mchanga kwenye kiganja.

"Alikupa nini kwa jina lako? Hakuwahi kuniambia."

"Sabuni. Miche miwili."

"Ukafulia?"

"Nilimwoshea mama."

Akaumwaga ule mchanga wa kiganjani, nikadhani ameguswa. Nadhani kweli aliguswa, ila si kwa namna niliyotaka.

"Jumapili nitakuja," akasema.

"Utasema ukweli?"

"Nitasema kilichoandikwa."

Nikamshukuru. Mwenye njaa akiambiwa "subiri", husikia "karibu".

Jumapili ile kulikuwa na jua la kupasua kichwa. Mzee Mayala tulimvusha na pantoni, tukampakia kwenye baiskeli mpaka Nyamahuna. Misa ilipokwisha watu wakabaki, maana habari ya mahojiano ilikuwa imeshavuja, na kijijini habari ni kitoweo.

Mzee akasema, "Kabla hamjaanza maneno yenu, nataka nijaribu."

"Baba, si leo," Odeta akamwambia. "Utajichosha."

"Nataka nijaribu."

Wakatoka, wakasimama kizingitini, juu ya lile jiwe lenye alama ya tindo. Odeta akampa mkono. Wakaanza kuja. Nilisikia midomo ya watu ikihesabu. Hatua ya kumi na moja akasimama, shati limelowa. Ya kumi na nne mguu ukaburuza. Ya kumi na nane akashika ngazi ya altare, akacheka bila sauti, akaketi benchi la mbele.

"Zimetosha," akasema.

Odeta akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile, kabla wala baada.

Padri Antoni akakohoa. "Teodora, sogea."

Akatoka benchi la nyuma, amevaa gauni safi, watoto watatu wamemfuata kwa urefu wao.

"Huyu dada ni nani?" Odeta akaniuliza polepole.

"Shahidi tu."

"Teodora," Padri akasema, "mwaka wa themanini na tatu, katika kanisa hili, ulifunga ndoa na Yeremia Luhende. Mtazame mtu huyu vizuri. Ni huyu?"

Odeta akaniachia mkono.

Teodora akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayepima kama gunia litatosha.

"Ni huyu," akasema.

Mguno ukapita mabenchini. Padri wa wakati ule alikuwa amerudi kwao Ulaya, katekista na baba yake Teodora walikuwa kaburini, na kwenye ndoa ile walikuwepo watu saba, siku ya kazi; baada ya hapo bwana harusi alikuwa wa malori na migodi, huku haonekani. Lakini bibi mmoja wa benchi la tatu akapata kumbukumbu pale pale.

"Ndiye. Amekonda tu. Masikio ni yale yale."

"Padri," nikasema, "huyu mama anadanganya. Mumewe alikuwa Ngosha."

"Ngosha yupi?"

"Aliyechukua cheti changu."

"Uliniambia humjui aliyekiiba."

"Nilikuwa... Padri, amekufa."

Mtu akacheka nyuma. Hata mimi ningecheka. Mwizi nisiyemjua, mwizi marehemu, marehemu mwenye jina jingine. Kila neno lililotoka lilikuwa kweli, na kila moja lilinizamisha.

Bado nilikuwa na neno moja la kuniokoa: sabuni. Nikalitafuta. Nikamwona Mzee Mayala amenikazia macho, yule mzee asiyekula kwa mwizi, nikawaza nitamwambiaje kwamba ubatizo niliufanya bidhaa. Nikachelewa kwa pumzi moja.

Teodora akageuka kwa wanawe.

"Kabula," akamwita mkubwa. "Msalimie baba yako."

Kabula.

Jina la mama yangu, ndugu zangu. Lilikuwa kwenye cheti. Ngosha alipopata binti, na ukweni wakauliza mtoto arithi jina la bibi yupi, alijibu kilichoandikwa. Nini kingine angejibu?

Akaja binti wa miaka kumi, miguu myembamba, nywele zimesukwa kwa haraka. Akapiga goti dogo kama watoto wanavyofundishwa. Amefuliwa nguo vizuri. Ananukia sabuni.

"Shikamoo baba."

Mimi nimelelewa. Toka nimepata akili sijawahi kuiacha shikamoo ya mtoto ikaning'inia. Na mtoto mwenye jina la mama yako huwi na jina jingine la kumwita.

"Marahaba, mama," nikasema.

Lilitoka lenyewe, laini, kama nimelisema kila asubuhi kwa miaka kumi. Kanisa zima likalisikia. Lile ni kanisa dogo. Hakuna pembe ambayo neno linaweza kujificha.

Padri Antoni akafunga kitabu.

Nikageuka kwa Odeta. Nilitegemea kofi, nilitegemea kilio. Alikuwa anawatazama wale watoto mmoja mmoja, mkubwa, wa kati, mdogo, anawahesabu kama alivyohesabu hatua.

"Watatu," akasema.

"Odeta, nisikilize."

"Miaka sita unaniambia huenda kasoro ni yako." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeuliza njia. "Kumbe ni mimi."

"Siyo hivyo. Odeta, naapa, siyo hivyo."

"Kumbe ni mimi," akarudia, na akaanza kuondoka.

Mzee Mayala akajaribu kusimama amfuate binti yake. Akashika benchi, akanyanyuka nusu, akarudi chini. Zake ishirini alikuwa amezimaliza kwa ajili yangu.

Odeta hakugeuka. Hatua yake ya kumi na nane, polepole kama zile za kwanza, ilimvusha kile kizingiti, akaingia kwenye mwanga wa ziwa, akaelekea chini, si upande wa pantoni. Upande wa maji.

Nikaruka benchi nimkimbilie. Mkono mkavu ukanishika bega, ukanirudisha. Alikuwa Mwalimu Venant, na uso wake haukuwa na ubaya wowote. Alikuwa mtu anayetimiza wajibu wake mahali patakatifu.

"Unakwenda wapi, Luhende?" akaniuliza. "Mkeo yuko huku."